Nukta ya Lamu

Mtu alibisha hodi,
mkononi ana kadi
na jina refu la jadi
alisoma mlangoni.

Nilikuwa na mapishi,
macho mekundu kwa moshi,
nikadhani ni mbishi
wa deni la Ramadhani.

Ametoka Uholanzi,
mrefu kama ni mwanzi,
atafuta wake wenzi
wa jina, ulimwenguni.

Jina lake, Karanzandi;
walo nalo sio kundi,
kila mwaka na kipindi
mmoja yu kaburini.

Babake alipokufa
kaacha daftari, sifa
za jina, na nyingi nyufa
zisozibwa vizazini.

Chanzo chake ni kijiji
penye korongo na maji,
mchanga mtembeaji,
kilomezwa baharini.

Korongo, kwa ndimi zao,
ni "karan"; mchanga nao
"zandi". Hapo jina lao
likakaa midomoni.

Maji yalipojitoma,
walopona wakahama,
nyumba zikabaki nyuma,
jina limo safarini.

Ramani akatandaza,
nukta akanieleza,
nyekundu za kupendeza,
kila mtu na makani.

Tisa ziko shamba kwao,
tatu kwenye mji wao,
mbili Kanada wendao,
moja Suriname, pwani.

Na moja, ndiyo ya hamu,
ilichomwa hapa Lamu
kama katone ka damu,
Langoni, kwetu nyumbani.

"Jina lako, jina langu,
wewe ndiye ndugu yangu!"
Nikatua chungu changu,
nacheka mwangu moyoni.

Babu wa babu ni Sandi,
si Mzungu, si Mhindi,
hesabu haimshindi,
karani wa forodhani.

Alihesabu boriti,
papa mkavu, na bati,
kawaandikia hati
wenye mzigo gatini.

Hakuacha shamba, ila
kidau cha wino, mila
ya kuhesabu chakula
hadi punje za chunguni.

Mji wote ulimwita
"Karani Sandi." Kapita;
jina nalo likafata
wajukuu mgongoni.

Kilipokuja kipande,
foleni kila upande,
afisa kabana pande
mbili kwa moja, fomuni.

Karanisandi, pamoja;
likachapwa siku moja,
namba nayo ikangoja
kitabu cha simu, chini.

Nikamweleza yalivyo.
Uso ukakaa sivyo,
akabaki vivyo hivyo
na kahawa kikombeni.

Safari ya ndege mbili,
boti, punda, jua kali,
kumbe kosa la kauli,
la silabi moja tu: *ni*.

Mama akapita kati:
"Jina haliliwi, keti,
kuna kamba na chapati,
undugu u sahanini."

Alikula, akakosha,
swali moja akazusha:
"Nanyi, nyumba yabakisha
wangapi ulimwenguni?"

Nikahesabu vidole:
mama, mie, Shee, yule
wa Mombasa, na wa kule
Jidda, yuko masomoni.

Watano. Nikanyamaza.
Hatukupata kuwaza
kwamba sisi twaongoza
kwa uchache, duniani.

Nilidhani atafuta
nukta yetu; akasita,
kalamu akaivuta,
katia nne pembeni.

Si nyekundu kama zake;
kijani, kwa wino wake.
Yangu nayo, peke yake,
ikabaki wekunduni.

Kesho yake, kule Shela,
mchangani alilala,
akasema, "Hapa, wala
sijatoka kwetu pwani."

Korongo hakumuona,
ni kunguru wamenona
wapiganao mchana
kwa utumbo wa sokoni.

Akaaga. Kwa haraka
kaniita, akaruka
silabi; nikatamka:
"Usisahau ile *ni*."