Ukoo wa Abiro

Dirisha namba tatu, kliniki ya macho, Kisumu.
Mimi Mwanasha binti Shee, karani, kwetu Faza,
nilikofundishwa kwamba jina la mwanamke aliyekuzidi umri
halitoki kinywani tupu.
Hutanguliwa na Bi.

Kwa hiyo siku ya kwanza, saa mbili unusu,
foleni ishafika kwenye tangi la maji,
nikaita: Bi Akumu.
Mama mmoja, kitambaa jicho la kushoto,
akainuka upesi, akashika bega la mjukuu,
akajibu: Abiro.

Nikaandika. Akumu Abiro.

Bi Dorsila. Abiro.
Bi Nyangweso. Abiro, abiro.
Bi Rispa wa Ahero, ananukia mpunga na mafuta ya taa.
Abiro.
Kufikia adhuhuri nilikuwa na akina Abiro kumi na wanane
nikawaza: ukoo mkubwa huu,
na mtoto wa jicho kauingia wote.

Wanaume niliwaita Bwana.
Bwana Okumbe. Kimya. Bwana Okumbe!
Wakakaa vile vile, viganja juu ya bakora,
mpaka mtu awaguse.

Ijumaa daktari akataka faili la Akumu Obonyo.
Halipo. Lipo la Akumu Abiro.
Nerea wa usafi akalisoma juu ya bega langu,
akaegemea mti wa fagio
akacheka hadi wagonjwa wakageuza nyuso kutafuta kicheko kilipo.
"Wewe! Abiro si jina la mtu.
Ni kusema ninakuja.
Kwani si wewe unayewaita?
Bi, unasema. Bi, njoo. Kijaluo safi kabisa.
Sisi tulidhani umejifunza."

Bi.
Mimi nimelikata kwenye bibi,
kipande cha heshima, upana wa pindo la leso.
Wao wakalipokea likiwa zima,
kitenzi chenye magoti na nyayo,
kilichoshuka na ng'ombe kutoka kaskazini,
kikinywa maji ya mito nisiyoijua,
na bibi yangu hakijamsikia hata siku moja.
Mashina mawili hayajawahi kuamkuana
yakatoa jani lile lile.
Faza wangelitungia shairi, vina vya kati na vya mwisho.
Mimi nina foleni.

Halafu nikamwelewa Bwana Okumbe:
ndani ya Bwana hamna mguu hata mmoja.

Nikatafuta kalamu nyekundu.
Nikawafuta akina Abiro mmoja mmoja,
nikiwarudishia baba zao, waume zao,
Obonyo, Ogada, Wasonga,
na kila nikifuta naona haya kidogo,
maana jina nililowapa mimi lilikuwa linatembea.

Akumu alifunguliwa kitambaa Jumanne.
Alianza na dari. Kisha mikono yake, mbele na nyuma.
Kisha akanitazama mimi, sana,
kama mtu anayekagua kitambaa alichonunua usiku.
"Kumbe mdogo hivi," akamwambia mjukuu,
"na sauti yote ile."
Halafu akasema: Bi.
Kwa lugha ipi, sikuuliza.
Nilizunguka meza nikaenda.

Dorsila sikumfuta.
Alikuja siku ile moja, akapewa tarehe ya upasuaji,
akaifunga kwenye ncha ya kitambaa pamoja na nauli ya kurudi.
Jumatano tatu sasa nimeita, Bi Dorsila,
nikijua ninachokisema, kwa maana zote mbili,
na benchi likabaki benchi.
Nerea anasema huenda ni mafuriko, barabara ya kwao hukatika.
Anasema hivyo akipangusa mahali palipokwisha pangusika.

Daftarini bado yupo, mstari wa pili, wino wa buluu,
kwa mwandiko wangu wa siku ya kwanza:
Dorsila Abiro.