Nakala Tatu

Nakala tatu tu, na wasomaji kumi na mmoja.
Hivyo ndivyo vita vyetu vilivyoanza, mjini Rokiškis,
mwezi wa Februari, radieta ya maktaba ikikohoa
na theluji imeziba nusu ya dirisha.

Kitabu chenyewe kinene kama tofali la tanuri.
Ndani yake tingatinga linakausha kinamasi,
na chini ya mboji nyeusi linagonga bega la mungu.
Ni Perkūnas, bwana wa radi. Anaamka.
Anaamka kiziwi.
Ananguruma, mialoni inapasuka,
kisha anawauliza wachimbaji, kwa upole:
"Samahanini, nimesema kitu?"

Kwa sentensi hiyo tukagawanyika.

Kazimieras, fundi umeme mstaafu,
miaka thelathini na nane juu ya nguzo,
alikipiga kitabu kofi pale mezani.
Radi naijua, alisema. Imenitupa chini mara mbili.
Haiombi samahani.
Mwandishi huyu hajawahi hata kubadilisha fyuzi.

Ugnė akacheka mpaka miwani ikamdondoka.
Yeye alikisoma zamu za usiku, wodi ya wazee,
na huko, anasema, kila kitanda kina mungu wa namna hiyo:
aliyekuwa akitetemesha nyumba nzima
leo anauliza saa ngapi, anajibiwa, anauliza tena.

Mwalimu Vaidotas hakujali radi. Alihesabu makosa.
Yule mungu wa kike wa ukurasa wa tisini
hakuwahi kuabudiwa upande huu wa mto.
Historia si bizari, alisema, ya kunyunyizia kila mchuzi.
Liucija akamjibu kwamba yeye alilia ukurasa uleule,
na machozi hayaulizi mto umepita wapi.

Bronius aliishia ukurasa wa arobaini.
Hilo halikumzuia kusema kuliko wote.

Penseli nazo zikaingia vitani.
Pembeni mwa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
pale nyoka wa nyumbani anapotoka chini ya jiko
kunywa maziwa yake,
mtu ameandika: Uongo.
Chini yake, mwandiko mwingine: Uongo mtamu.
Chini zaidi, wa tatu, herufi zikitetemeka:
Kwetu lilikuwa bakuli la bluu.

Kazi yangu ni kufuta. Kifutio ninacho, droo ya kushoto.
Nimekitoa mara mbili, nikakirudisha.

Mwandiko ule naujua, nauona kila mwezi daftarini.
Aldona, miaka themanini na tisa, hukaa karibu na radieta
na hajawahi kutoa maoni juu ya kitabu chochote.
Nikamuuliza mbele ya wote, kosa langu,
kama nyumbani kwao waliwaamini miungu wale.

Akafunga kifungo cha koti. Akakifungua.
"Bibi alikwenda kanisani kila Jumapili," alisema.
"Hakuamini lolote kuhusu nyoka.
Ila nyoka alikuwepo kabla yetu,
na bibi alikuwa na adabu.
Usiku waliokuja kutupakia kwenye lori
tulipewa nusu saa ya kufungasha.
Dakika moja aliitumia kumimina maziwa."

Hakuna aliyepata la kuongeza, hata Bronius.

Ningependa kusema tulipatana. Hatukupatana.
Vaidotas aliuliza, taratibu, ilikuwa mwaka gani, akaandika.
Ugnė bado anasema ni kitabu cha kuchekesha,
Liucija bado anasema ni msiba mtupu,
na jana Kazimieras amekiazima tena, mara ya tatu,
ili apate, anasema, sababu zaidi za kukichukia.
Nikagonga muhuri.
Alipofika mlangoni akasimama, kofia mkononi,
akatazama mawingu, akanigeukia:
"Lakini hebu niambie. Kama ni kiziwi kweli,
nani anamjulisha kwamba tumemsikia?"