Milimita Kumi na Tisa

Usaha wa mguu wa mama niliuchukua mwenyewe,
kwa kijiti cha pamba, Jumatatu, kabla ya chai.
Alitazama ukutani, akaniuliza bei ya giligilani
kana kwamba mimi ndiye ninayeshinda dukani.

Maabara yetu iko Upanga, ghorofa ya pili.
Dirisha moja halifungi; mvua za vuli
huingia bila hodi.
Humo nilimpanda mama yangu,
yaani wale waliokuwa wakimla,
juu ya agari yenye rangi ya chai iliyopoa.

Kisha nikafungua mfuko wa kaki
kutoka kibanda chake cha Mtaa wa Tandamti:
habasoda, bizari nyembamba, giligilani, karafuu.
Miaka thelathini na mmoja anavipima kwa kopo la maziwa.
Nilitwanga, nikachemsha, mvuke ukapanda kiooni,
ukapoa, ukadondoka.
Kilo nzima ya giligilani,
kijiko kimoja cha mafuta!
Angeniona angenifukuza kazi.

Usiku umeme ulikatika mara mbili.
Jenereta ilikohoa, ikashika.
Nyuzi thelathini na saba: joto la kwapa,
joto la mtoto mgongoni.

Asubuhi sahani zilikuwa na ukungu wa maziwa.
Dawa ya kwanza ya hospitali, wameipita juu.
Ya pili, vivyo hivyo.
Maji ya mbegu zilizochemshwa, yale yale
aliyotuoshea vidonda tangu tukitambaa:
hakuna kitu. Nilikaa chini kidogo.
Mafuta ya habasoda, ukingo mwembamba kama kucha.
Na karafuu —
duara tupu, safi, limefagiwa.
Nilipima mara tatu kwa rula ya shule ya mwanangu Shukrani.

Mama alikuza picha kwa vidole viwili.
“Hapa katikati ndipo nilipo mimi?”
“Hapana. Hapo ndipo wao hawapo.”
Nikamwambia sahani si mguu,
mafuta haya yangeunguza nyama pamoja na mdudu,
daktari amepata sindano ya tatu, hiyo imewaweza.
Aliitikia kwa kichwa, vile anavyomwitikia
mteja anayejua bei zote.

Jioni nikamkuta shavu limetuna.
Harufu ilinipokea mlangoni.
“Hii ya jino,” akasema. “Usiipime.”