Leso Isiyopindwa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la Mohsin,
Barabara ya Biashara, feni inazunguka bila kumfaa mtu,
nimekaa na kifurushi nilichokiandika mwaka juzi:
kinageuza saa za kompyuta ziwe saa zetu,
ile nane ya asubuhi isomeke saa mbili,
kama anavyoijua muuza mahamri.

Bado kinakosea.
Alhamisi jua likishatua
mama husema usiku wa Ijumaa umeingia;
kifurushi kinambishia mpaka saa sita.
Kwa aibu hiyo nikakipa jina la herufi tatu na namba,
nikakisukuma chini kabisa ya ghala
ambako hata mimi mwenyewe hukipapasa.

Juzi Zuhura Mbwarali wa Mikindani
akanionyesha kazi yake ya miezi minane,
macho yanamng'aa: hakuna aliyewahi kuifanya.
Saa za Kiswahili.
Ijumaa yake ilikuwa sawa sawia,
alfajiri yake ndiyo ilikuwa ikiangukia jana.
Na kumbe yuko Kazungu, Mtopanga, ana ya tatu, imemkwama.
Wali mmoja, vyungu vitatu,
kila chungu kimeungua upande wake.

Nikashuka kutafuta chai.
Mohsin alikuwa akitundika doti mpya mlangoni,
vipande viwili bado vimeshikana,
nyuzi zinachezacheza pembeni,
na jina lake kubwa, wazi, apitaye alisome.
Hakuna aliyeuliza mbona haijapindwa.
Wanawake walisoma jina, wakaitoa rangi juani,
wakabishana bei, wakaenda nayo.
Kupinda ni kwao, kwa sindano yao.

Chai ikanipoa mkononi.

Nikapanda. Nikakitoa chini, nikakiita Saa Zetu,
nikaandika mstari wa kwanza kabla ya chochote:
*Kibichi. Usiku wa Ijumaa hakiujui.
Usikitumie kupangia harusi.*
Nikakianika kamba moja na cha Zuhura na cha Kazungu,
begani kwa begani, kila kimoja na kovu lake limetajwa,
anayetafuta saa avione vyote vitatu
kabla hajateleka chungu cha nne.

Magharibi haijaadhiniwa, mtu nisiyemjua akaniandikia:
mwezi ukiandama Lamu, na hapa tusiuone,
kifurushi chako kitamsikiliza nani?

Sikuwa nimeuwaza mwezi.
Nikavuta kiti.