Siku ya Nne, Glasgow

Macho hayana pazia, walisema.
Yangu yanalo: lenzi ya bendeji,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na chini yake ngozi ya konea inatambaa
kutoka ukingoni, pande zote, kimyakimya,
ikijitafuta katikati.

Mwanamvua ananidondoshea dawa.
"Usipepese."
Napepesa.
Shavu linalia, mimi silii.

Leo naona vibaya kuliko jana.
Daktari McAllister kasema ndiyo dalili:
kingo zimekutana usiku,
zimeacha mshono.
Subiri ulainike.

Nje, Dennistoun, kunanyesha. Basi linapita,
namba yake ukungu mtupu. Sita? Nane?
Kidole chapanda puani
kusukuma miwani
iliyolala drooni tangu Ijumaa,
imekunja mikono.