Daftari la Mkunumbi

Nimemuua Mbwarahaji mara tatu,
kila toleo kwa risasi mpya.
Katika la kwanza alikuwa ameua watu saba.
Mpiga chapa akarudisha mswada, wino mwekundu pambizoni:
"Saba ni wachache, mwalimu. Yule jambazi wa Mto Tana ana tisa."
Nikamwongezea wanne kabla chai haijapoa,
mmoja wao nikampa mke na minazi kumi na miwili
ili msomaji apate wa kumlilia.

Kikauzika. Pale Usita wa Mui
kilikaa baina ya kalenda na karata,
jaladani mtu wa kilemba na bunduki mbili
(alikuwa na gobori moja, na hilo la kuazima)
na sajini wa serikali, kifua kama mlango wa nakshi.
Nyuma ya jalada nilitunga mwenyewe:

*Alipotoka mwituni, jogoo walinyamaza,*
*Sajini yumo njiani, kiatu anakikaza,*
*Wakutane uwanjani, jua linapochomoza,*
*Mmoja wa kaburini, wa pili wa kutangaza.*

Watoto wa Langoni walilihifadhi.
Walilicheza kwa vijiti kando ya mtaro,
wakigombana nani awe sajini,
maana hakuna aliyetaka.

Kisha Bi Zehra, mjukuu wa Akbarali,
aliyekuwa akifunga duka la babu yake ahamie Mombasa,
akaniita nichukue makaratasi
"kabla mchwa hawajamaliza kuyasoma."

Daftari lilikuwa refu, jembamba, la Kigujarati,
linanuka mafuta ya taa na bizari.
Alisoma kwa kidole, akinifasiria polepole,
paka amelala juu ya mwaka mzima wa madeni.

"Mbwarahaji: tumbaku, robo ratili. Kiberiti kimoja. Atalipa.
Sajini Farajala: tumbaku, robo ratili. Atalipa."
Siku moja. Kalamu moja.
"Huyu wa pili," akasema, "kakopa na uzi. Wa kushonea."

Nikamwomba arudie tarehe.
Ilikuwa wiki ile ile niliyoandika,
ukurasa wa thelathini na nne,
kwamba sajini alifuata nyayo siku sita bila maji,
akilamba umande majanini,
akilala jicho moja wazi.
Siku sita!
Na kutoka kituoni hadi dukani kwa Akbarali
hata mvivu hatoki jasho.

Basi alijua.
Au walikutana mlangoni wakapishana kwa adabu,
tangulia wewe, la, tangulia wewe.
Au mmoja alikuwa nyuma ya magunia na kikombe cha kahawa
mwenzake akipimiwa mbele.
Sijui. Daftari halisemi.
Mwenye duka haandiki asichouza.

Kilichofuata nakijua, barua ya serikali nimeiona:
miezi sita baadaye, maiti moja, zawadi ya rupia mia,
na Farajala anaomba kwanza viatu.
Bi Zehra akafunua hadi mwezi huo.
Akanyamaza. Akarudisha kidole mwanzo wa mstari.
"Deni la Mbwarahaji, rupia mbili na thumni.
Limelipwa.
Na Farajala."

Jana mpiga chapa alipiga simu.
Toleo la nne, mwalimu, na safari hii damu ionekane.
Nikasema inshallah, neno linalofaa kwa wapiga chapa.

Usiku nimewafuta wale wanne.
Watatu walitoka bila neno,
lakini yule wa minazi alinikaa,
nilikuwa nimeshamzoea mkewe.
Kwa wale saba nimeweka alama ya kuuliza.
Shairi la jalada nimelikata, ingawa watoto hawatanisikia.

Ukurasa wa thelathini na nne una mistari miwili tu,
tumbaku na tumbaku,
na chini yake nimeketi tangu alfajiri
na swali la kijinga ambalo hakuna atakayelinunua:
uzi ule, sajini,
ulishonea nini?