Ramani kwenye Mfuko wa Saruji

Kwanza niliupasua mfuko wa saruji,
nikaukung'uta vumbi, nikageuza upande wake msafi,
nikaupiga pasi
kama kitambaa cha mteja kabla ya kukikata.
Kisha nikatoka uani na futi yangu ya kushonea.

Urefu: futi thelathini na mbili, toka ukuta wa jiko
hadi mpakani na kina Bi Mwanashehe.
Upana: ishirini na kidogo.
Hicho kidogo nimekiandika.
Fundi anayedharau kidogo
hushona kanzu isiyopita kichwani.

Sikupanda kitu. Nilikaa.
Siku tatu, kizingitini mwa mlango wa nyuma,
cherehani nimeifunika,
nikitazama jua linavyotembea katika ua huu wa Jadida:
asubuhi linaanzia kwenye kamba ya nguo,
adhuhuri limesimama juu ya karo,
alasiri mfenesi wa jirani unalila lote
bila hata kunikaribisha.
Basi nikashika chaki.
Huku kwenye jua, tungule, bamia na pilipili.
Huku chini ya kivuli cha watu, majimbi;
hayo hayana makuu.

Maji ya kuoshea mchele yatapita hapa.
Nimeyachorea mfereji mwembamba, kama uzi wa bandi,
toka karoni hadi kwenye matembele.
Ya sabuni, la. Ya sabuni yaende migombani.
Faki kaniuliza, na maji ya bomba?
Nikamwambia, bomba la mtaa huu ni mgeni wa heshima:
haji mpaka aitwe,
na akiitwa, pengine.

Halafu hesabu, na hapo chaki ikakwama.
Mvua zina zamu zao,
masika, mchoo, vuli, njia wanazijua.
Lakini Ramadhani hufuata mwezi,
kila mwaka hutangulia siku kumi, kumi na moja,
na ni Ramadhani ambapo tungule sokoni Wete
huhesabiwa moja moja kama vidonge.
Kazi hiyo naijua. Nguo za Idi
huhesabiwa kinyumenyume:
Idi, vifungo, shingo, mikono, kukata, kununua.
Nikazihesabu tungule vivyo hivyo:
futari, kuiva, ua, kuhamisha miche, kitalu, mbegu.
Miezi mitatu na ushei.

Mwaka huu kitalu kinaangukia katikati ya vuli,
mvua ya kuvunja miche shingo,
kwa hiyo nimekichorea paa la makuti mawili.
Ruzuna atakapokuwa na ua wake mwenyewe,
mbegu hizi hizi atazianza kwenye mchoo.
Ramani hii haitamfaa,
kama lisivyomfaa gauni langu la harusi;
alilijaribu, akacheka, akalirudisha sandukuni.
Hesabu, lakini, nimemfundisha.
Anaikariri akichambua mchele.

Kuku wa Bi Mwanashehe sikuwachora.
Wao wameshajichora.

Jumatatu nikatoka na jembe.
Pale nilipoandika MCHICHA, matuta manne,
shina la boga limeota lenyewe
toka kwenye maganda tuliyotupa tusikumbuke lini.
Majani mapana kama sahani za pilau ya msibani,
limeshika pembe nzima,
na kikonyo kimoja kimeshavuka mpaka kwenda kwa jirani
kama mtoto aliyenusa chapati.
Nililisimamia na jembe mkononi.
Faki naye akasimama, akingoja kuona.

Nikarudi ndani.
Nikalowesha kidole kwa mate, nikafuta mchicha,
nikaandika: boga.
Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo,
karibu na pindo la karatasi:
mchicha uhamie kwenye kile kidogo.